Unasema hiki, inaandika kile: kutafuta kasoro katika kuandika kwa kutamka

Mtu akijaribu kuandika kwa kutamka na mambo yakamwendea kombo, huwa na watuhumiwa wawili tu: programu haijui Kiswahili, au lafudhi yake ni mbaya. Sikatai kwamba wote wawili wapo. Lakini mara nyingi kosa limeshatokea kabla sauti haijaifikia programu. Sauti hutoka mdomoni, hupita hewani, huingia kwenye maikrofoni, hupitia waya au Bluetooth, hupokelewa na simu au kompyuta, na mara nyingi husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye seva za mbali. Hapo ndipo inapogeuzwa kuwa maandishi. Kiungo kimoja kikilegea, skrini hujaa upuuzi ule ule, na kwa kuutazama upuuzi wenyewe huwezi kujua umetoka wapi. Ndiyo maana inafaa kuifuata sauti njia nzima, kuanzia mdomoni.

Anza na kinasa sauti

Kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu au kompyuta yako. Tumia maiki ile ile unayoandikia, kaa pale pale unapokaa siku zote, acha feni iwake kama huwa inawaka, kisha soma aya moja kwa nusu dakika hivi. Sikiliza rekodi hiyo kwa visikizi vya masikioni. Spika ndogo ya simu huficha mengi.

Ukisikia kimya, una tatizo la maiki au la ruhusa. Ukisikia sauti ya mbali, yenye mwangwi, iliyobanwa puani au inayopasuka kila unapotamka P na B, una tatizo la ubora wa sauti, na usihangaike na programu hata kidogo kwa sasa. Ukisikia sauti safi ambayo mtu mwingine angeweza kuiandika yote bila kuuliza, basi maiki haina hatia. Tazama lugha uliyochagua, mtandao wako na namna unavyosema.

Jambo moja la nidhamu: badilisha kitu kimoja kimoja, na kila ukibadilisha soma tena aya ile ile. Ukibadilisha maiki, programu na chumba kwa mkupuo, mambo yanaweza kutengemaa na usijue dawa ilikuwa ipi.

Kitufe kimewaka, lakini haliandikwi hata neno

Tazama kishale kwanza. Kama hujabofya ndani ya sehemu ya kuandikia, programu inaweza kuwa inasikia vizuri kabisa lakini haina pa kuweka maneno. Ni kosa dogo linalokula muda mwingi.

Kisha tazama ruhusa. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kitone cha rangi ya chungwa hutokea juu ya skrini maiki inapotumika. Kwenye Android, tangu toleo la 12 la mwaka 2021, kuna alama ya kijani kwenye kona ya juu. Ukibonyeza kitufe cha kutamka na alama hiyo isitokee, programu haijapewa maiki: ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu hiyo, ipe ruhusa. Android 12 ilileta pia swichi kwenye menyu ya kuvuta kutoka juu inayozima maiki kwa programu zote kwa pamoja, na mtu anaweza kuigusa bila kujua akabaki anashangaa kwa nini hakuna programu hata moja inayomsikia. Kwenye kompyuta, alama iliyo kando ya anwani ya tovuti ndani ya kivinjari ndiyo hufungua orodha ya ruhusa. Aliyewahi kubofya “kataa” mara moja huenda asiulizwe tena. Na kama unatumia Google Docs na huioni kabisa huduma ya kutamka kwenye menyu ya zana, angalia kivinjari chako: huduma hiyo hufanya kazi kwenye Chrome, Edge na Safari.

Ruhusa zikiwa sawa, huenda kompyuta inasikiliza maiki nyingine. Mashine moja inaweza kuwa na maiki yake ya ndani, ya kamera na ya visikizi, na ikachagua isiyofaa. Fungua mipangilio ya sauti, gonga maiki yako polepole kwa ukucha, na utazame ni kipimo kipi kinachoruka. Kama hakiruki hata kimoja, tafuta swichi ya kunyamazisha kwenye waya au kwenye kikombe cha sikio.

Bado kimya? Chomoa pini ya visikizi uitazame kwa makini. Pini yenye mistari miwili ya plastiki ina vipande vitatu vya chuma: sikio la kushoto, sikio la kulia, na waya wa pamoja. Hiyo haina maiki, hata uifanye nini. Yenye mistari mitatu ina vipande vinne, na hicho cha ziada ndicho kinachobeba maiki. Sasa, pini hii ya pili ukiichomeka kwenye kompyuta yenye matundu mawili, moja la kusikilizia na jingine la maiki, utasikia muziki vizuri na hutasikika wewe, kwa sababu tundu la kusikilizia halina pa kupokelea kile kipande cha nne. Kuna waya mfupi wa kugawa pini moja kuwa mbili. Huo ndio dawa, au visikizi vya USB.

La mwisho hapa: mkutano wa video ulioachwa wazi nyuma, au programu nyingine inayorekodi, inaweza kuwa imeishikilia maiki. Ifunge kabisa.

Inaandika, lakini ni vurugu tupu

Umesema sentensi nzuri ya Kiswahili, na kwenye skrini yametoka maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa mbali na ulichosema. Hili halihitaji uchunguzi mrefu: programu imepangiwa lugha nyingine. Kinachowachanganya wengi ni kwamba lugha ya menyu na lugha ya kutamka ni mipangilio miwili tofauti. Simu inaweza kuwa ya Kiswahili kuanzia juu hadi chini na bado ikasikiliza kwa Kiingereza. Kwenye Gboard, kibodi ya Google ya kwenye simu, ongeza kibodi ya Kiswahili kisha hamia kwenye kibodi hiyo kabla ya kubonyeza maiki. Kwenye Google Docs, orodha ya lugha iko juu ya picha ya maiki.

Google iliingiza Kiswahili kwenye huduma yake ya kutambua sauti mwezi Agosti 2017, pamoja na Kiamhari, katika kundi la lugha 30 zilizoongezwa kwa pamoja. Utakuta matoleo mawili, la Kenya na la Tanzania. Usichague kwa uzalendo. Soma aya ile ile kwa matoleo yote mawili, hesabu makosa, na ubaki na lenye makosa machache.

Programu nyingine hazina Kiswahili kabisa. Kama lugha haimo kwenye orodha, hakuna mazoezi ya matamshi yatakayosaidia. Hamia programu nyingine.

Vurugu huja pia pale unapochanganya lugha. Programu iliyopangiwa Kiswahili ikikutana na neno la Kiingereza katikati ya sentensi, italilazimisha liwe neno la Kiswahili lililo karibu nalo, na mara nyingi itayavuruga pia maneno mawili matatu yanayolizunguka. Ukiona makosa yanajikusanya mahali pamoja badala ya kutawanyika, tazama kama hapo katikati hapakuwa na neno la kigeni. Nenda na neno la Kiswahili kama lipo. Kama halipo, tamka neno la kushikilia nafasi kisha urudi kulichapa kwa vidole.

Mengi ni sahihi, lakini kuna maneno ya ajabu hapa na pale

Hii ndiyo dalili ya wengi, na sababu zake ni nyingi.

Anza na umbali. Maiki inapaswa kuwa kama shubiri moja kutoka mdomoni, tena pembeni kidogo ya midomo, isiwe mbele yake, ili pumzi ya P na B isiipige. Maiki ya ndani ya kompyuta ya mkononi inakosea mara mbili: iko mbali na mdomo, na iko karibu na feni na vidole vinavyogonga kibodi. Chumba kitupu chenye kuta ngumu huirudisha sauti yako ikiwa imechelewa kidogo, na programu husikia kila silabi imepakana na mwangwi wa iliyotangulia. Pazia nene, kitanda, kabati la nguo lililoachwa wazi, vyote hunyonya mwangwi. Maiki nzuri kwenye chumba kibaya hushindwa na maiki ya kawaida iliyo karibu na mdomo.

Halafu Bluetooth. Visikizi visivyo na waya vinavyopiga muziki kwa sauti ya kupendeza vinaweza kuwa vibovu kabisa kwa kutamka. Sababu yake ni kwamba Bluetooth ya kawaida hutumia njia moja kusikiliza muziki, na njia nyingine pale maiki inapowashwa. Hii ya pili ni ile ya simu, na katika sura yake ya zamani huchukua sampuli 8,000 tu za sauti kwa sekunde; toleo bora zaidi huchukua 16,000. Kwa sampuli 8,000, kila kilicho juu ya hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) hupotea, na huko juu ndiko zinakokaa tofauti za S, SH, F na TH. Kwa hiyo ukiona “thamani ya nyumba” imekuwa “samani ya nyumba”, au “shina” limegeuka “sina”, na unatumia Bluetooth, usianze kujilaumu ulimi. Chomeka visikizi vya waya usome tena. Njia rahisi ya kulitambua tatizo hili: washa muziki, kisha washa maiki. Muziki ukidhoofika ghafla na kuwa mwembamba, umeshapata jibu.

Baada ya hapo tunaweza kuzungumzia ulimi. Makosa ya matamshi yana tabia moja: yanajirudia kwa mpangilio. Anayebadilishana L na R ataona “kura” ikitoka “kula” na “mahari” ikitoka “mahali”. Anayeitupa H ataona “haya” ikiwa “aya”. Anayetamka DH kama Z atapata “zana” alipotaka “dhana”. Usijaribu kuibadili lafudhi yako yote. Huo ni mzigo usio na sababu. Kusanya makosa ya kurasa mbili tatu, tafuta jozi inayojirudia kuliko zote, na ishughulikie hiyo peke yake. Mengine programu itayatatua kwa muktadha: ukisema “kupiga kula” ndani ya sentensi inayohusu uchaguzi, kuna uwezekano mzuri iandike “kura” yenyewe, maana programu hizi hupima neno kwa majirani zake.

Na hapo ndipo unapovunjika ushauri unaorudiwarudiwa wa kusema neno moja, nyamaza, neno jingine, nyamaza. Ulikuwa ushauri sahihi zamani. DragonDictate, programu ya kuandika kwa kutamka ya mwaka 1990, ilimlazimu mtumiaji kunyamaza kila baada ya neno. Ni mwaka 1997, ilipotoka Dragon NaturallySpeaking, ambapo watu wa kawaida walianza kutamkia kompyuta maneno yanayofuatana bila kusita. Programu za leo zimelelewa kwenye mazungumzo ya kawaida, na ukiyakata maneno mojamoja unazinyima majirani zinaowategemea. Sema kifungu kizima, kwa mwendo wa mtu anayesoma taarifa ya habari.

Limebaki kosa moja ninalolihofia kuliko yote, kwa sababu halionekani. Kiswahili hubeba kukanusha kwake mwanzoni mwa kitenzi, kwenye silabi fupi ambayo mdomo wenye haraka huimeza. “Hawatalipwa” ikipoteza “ha” inakuwa “watalipwa”. “Hatutakubali” inakuwa “tutakubali”. “Hakukuwa na pesa” ikisemwa harakaharaka inaandikwa “hakuwa na pesa”, na ghafla kuna mtu mmoja aliyeishiwa. Neno lililobaki ni sahihi kisarufi, kwa hiyo kikagua tahajia hakitalipigia mstari mwekundu, na macho yako, yanayojua ulitaka kusema nini, yatapita juu yake. Kuna sababu mbili. Moja ni haraka. Nyingine ni kwamba unaanza kusema kabla maiki haijawa tayari: unabonyeza kitufe na kutamka kwa wakati ule ule, na silabi ya kwanza inapotelea hewani. Bonyeza, subiri alama au mlio, vuta pumzi, ndipo useme. Na unapohariri, pitia vitenzi vyote vya kukanusha kwa makusudi, hasa kwenye barua za kikazi na makubaliano.

Kuhusu “kwa hiyo” kuandikwa “kwahiyo” na ndugu zake “kwa nini” na “kwa sababu”, usipoteze usingizi. Programu huandika ilivyojifunza kutoka kwa watu, na watu huandika hivyo. Tafuta na ubadilishe mwishoni, mara moja kwa hati nzima.

Tarakimu na majina

Hapa sina matumaini makubwa, na ushauri wangu ni mfupi: chapa kwa vidole. “Elfu ishirini na tano” hata binadamu anaweza kuielewa kuwa 25,000 au 20,005, sembuse mashine. Ukilazimika kutamka, “ishirini na tano elfu” haina utata. Tarehe, namba za simu na kiasi cha fedha vihakiki kimoja kimoja dhidi ya chanzo.

Majina ya watu na ya mahali padogo hayamo kwenye msamiati wa programu, au yamo kwa tahajia nyingine. Kama programu yako ina kamusi ya kibinafsi, yaingize humo. Kama haina, chagua neno la kawaida kusimama badala ya jina, mfano “mhusika wa kwanza” na “mhusika wa pili”, kisha ulibadilishe kote kwa Ctrl+H, vitufe vinavyofungua dirisha la kutafuta na kubadilisha.

Maandishi hayana nukta wala herufi kubwa

Unasema “nukta” na inaandika neno nukta. Mara nyingi programu haijaharibika. Google Docs, kwa mfano, hupokea alama za uandishi kwa kutamka katika Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano na Kirusi, na amri za kuhariri kwa sauti ni za Kiingereza peke yake. Kiswahili hakimo.

Njia ya kwanza ni kushika kibodi: unatamka, na mwisho wa sentensi kidole kinagonga nukta. Inafaa kwa ujumbe mfupi, lakini kwa baadhi ya programu kugusa kibodi hukatisha usikilizaji. Njia ya pili ni neno la kushikilia nafasi. Chagua neno ambalo programu inalijua vizuri na ambalo hutalihitaji kwenye hati hiyo. Tuseme unaandika ripoti ya mahesabu: “mamba” kwa nukta, “twiga” kwa aya mpya. Unasema: “mauzo yameshuka mwezi huu mamba tumeamua kupunguza matumizi mamba twiga”. Mwishoni fungua Ctrl+H, andika nafasi ikifuatiwa na mamba, badilisha kwa nukta. Kwenye Microsoft Word, twiga badilisha kwa ^p, ambayo ni alama ya aya mpya. Kwenye LibreOffice washa chaguo la “Regular expressions” kwenye dirisha hilo na uandike \n. Usisahau ile nafasi kabla ya neno, la sivyo kila nukta itaelea mbali na neno lake. Usitumie neno “nukta” lenyewe kama unaandika namba za desimali. Herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi, Word huzirudisha kwa kitufe cha Aa, ukichagua mtindo wa sentensi baada ya nukta kukaa mahali pake.

Inakatika katikati, au inaburura

Programu nyingi hujizima ukinyamaza kwa sekunde kadhaa. Hii si hitilafu, ingawa inaudhi. Kama wewe ni mtu wa kufikiri kati ya sentensi, zima mwenyewe, fikiri, washa tena, badala ya kukimbizana na saa usiyoiona. Kuhamia dirisha jingine pia huweza kuizima.

Maneno yakichelewa kutokea, au kuja kwa mafungu, tazama mtandao, tena upande wa kupakia, kwa sababu sauti yako ndiyo inayosafiri kwenda. Jaribio la haraka: pakua lugha kwa matumizi ya bila intaneti kama programu inakuruhusu, zima data, kisha tamka. Ikienda vizuri, mtandao ndio uliokuwa unakwamisha. Isipoandika kitu, angalau umejua kwamba programu yako haiwezi kufanya kazi bila mtandao.

Kuna watu hushtuka wakiona neno limeandikwa vibaya kisha likajirekebisha lenyewe. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi: hukisia kwanza, halafu hurekebisha maneno yanayofuata yakifika. Ukikimbilia kufuta lile neno la kwanza unaivuruga ikiwa kazini.

Inaandika usichokisema

Dalili hii ni ya wanaogeuza rekodi iliyokwisha kuwa maandishi, hasa kwa Whisper, mfumo uliotolewa na OpenAI mwezi Septemba 2022 na kufunzwa kwa saa 680,000 za sauti, sehemu kubwa ikiwa ya Kiingereza. Kwenye kimya kirefu au muziki mtupu, mfumo huu unaweza kutunga: sentensi moja inayojirudia mara kadhaa, au maneno ya kuwashukuru watazamaji kama mwisho wa video. Kata vimya kabla ya kuuwekea faili, na rekodi ndefu zigawe vipande.

Tatizo jingine la mfumo huo ni lugha. Usipoutajia, hukisia lugha ya faili nzima kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo. Mahojiano ya Kiswahili yaliyoanza kwa muziki au salamu za Kiingereza yanaweza kuharibika yote kwa sababu hiyo. Taja lugha mwenyewe. Na kama maandishi yametoka kwa Kiingereza safi, chenye maana ile ile uliyosema, umechagua kazi ya kutafsiri badala ya kunukuu.

Kila kitu kinafanya kazi, lakini huandiki haraka zaidi

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo, maana hakuna anayetamka kwa ajili ya kutamka. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Washington na wa kampuni ya Kichina ya Baidu walipima uandishi wa kwenye simu wakakuta kutamka kunashinda kibodi kwa takriban mara tatu kwa Kiingereza, na karibu hivyo kwa Kimandarini. Lakini soma walichopima: watu walipewa vifungu vifupi vilivyokwisha kuandikwa, wakavitamka. Hawakuwa wakitunga. Anayetunga hutumia muda mwingi kutafuta la kusema, na muda huo haupunguzwi na maiki yoyote.

Kwa hiyo kama kasi haiji, kuna uwezekano unahariri huku unatamka. Unasema sentensi, unaona kosa, unasimama, unafuta, unasema tena. Kila ukisimama unapoteza vitu viwili: mtiririko wako, na muktadha ambao programu ilikuwa inautegemea. Geuza uso kutoka kwenye skrini. Kweli, tazama dirishani au fumba macho. Tamka sehemu nzima hadi mwisho, makosa yakiwemo, kisha kaa na kibodi uhariri yote kwa mpigo mmoja. Hariri mapema lakini, ukiwa bado unakumbuka ulichosema. Rasimu ya kutamka ikilala siku mbili, kuna mistari ambayo hata wewe hutaweza kuifumbua. Wengine hurekodi sauti sambamba ili wapate pa kurejea, na naona ni tabia nzuri.

Kinachofuata ni mpango. Kibodi humvumilia anayeanza bila kujua anakokwenda, kwa sababu vidole ni vya polepole na kichwa kinapata nafasi. Maiki haivumilii. Andika kwanza mistari mitano sita kwenye karatasi, hoja tu, na utamke ukiifuata. Ukijikuta unasema “yaani” na “kwa mfano, unajua” kila baada ya maneno manne, mpango wako ni mwembamba mno.

Kisha pima, usikisie. Chagua kazi mbili za urefu mmoja na ugumu mmoja. Moja chapa, nyingine tamka. Hesabu muda wote hadi hati iwe tayari kutumwa, pamoja na kuhariri. Kwenye ile ya kutamka hesabu pia makosa katika kila maneno mia. Kwa maoni yangu, yakiwa matano au pungufu kutamka kunalipa. Yakizidi kumi na tano, rudi kwenye kinasa sauti na uanze uchunguzi upya. Katikati ya hapo inategemea unavyochapa: anayechapa kwa vidole viwili atafaidika hata kwa makosa mengi, karani aliyezoea kibodi hataona tofauti.

Na zipo kazi ambazo kutamka hakuzifai, hata kila kitu kikiwa kizima: majedwali, fomula, msimbo wa programu, orodha za majina, na marekebisho ya neno moja moja. Barua, maelezo marefu, kumbukumbu za mkutano na rasimu ya kwanza ya chochote, hapo ndipo inapong’aa.

Koo na siri

Wanaohamia kwenye maiki kwa sababu ya maumivu ya mikono wanaweza kuhamisha maumivu hadi kooni. Sauti ikianza kukwaruza, makosa huongezeka, mtu huongeza sauti ili asikike, na koo huzidi kuumia. Ongea kwa sauti yako ya kawaida na usogeze maiki karibu badala ya kupaza. Kunong’ona si mapumziko. Kunachosha koo na programu nyingi hazikuelewi. Kunywa maji, pumzika kila baada ya nusu saa.

Kabla ya kutamka taarifa za mgonjwa, mteja au kesi, fahamu kama sauti inabaki kwenye kifaa au inapelekwa kwenye seva. Lile jaribio la kuzima data litakuonyesha kama programu inaweza kufanya kazi ndani ya kifaa. Hata hivyo, kufanya kazi bila mtandao hakumaanishi kwamba haitumi kitu mtandao ukirudi. Soma masharti yake, na zima mpangilio wa kuhifadhi rekodi za sauti kama upo.